Rangi ya Kucha Chini ya Mpini

Nyakio alijua siku imeharibika kabla hajavuka kizingiti, maana sauti ya kwanza aliyoisikia ndani ya kliniki ilikuwa ya mama yake.

"Huyo ndiye binti yangu! Si niliwaambia? Anatoka kaunti. Amekuja kuangalia kama daktari wetu anafanya kazi vizuri, na mimi nishamwambia asijisumbue, huyu daktari tunamjua sisi."

Haya sasa. Mtu anatoka Nakuru alfajiri, anapanda hadi Mau Narok kwa gari la kaunti kwenye baridi ya kukata masikio, kitambulisho kimening'inia shingoni na uso ameuweka wa kazi, halafu mama mzazi anamtangaza kwa wagonjwa kana kwamba amekuja kuposwa. Bibi huyo alikuwa ameketi katikati ya benchi, leso imefungwa kutoka kidevuni hadi utosini, shavu la kushoto limefura. Maumivu hayo yote, na bado mdomo haukufungika.

"Mami, unafanya nini hapa?"

"Jino. Kwani watu huja hapa kununua viazi?"

Benchi zima likacheka. Hata yule msichana aliyeketi karibu na mlango, Chemutai, aliyekuwa na mtoto mchanga mapajani, alicheka akiwa ameshika taya lake. Alisogeza miguu ili Nyakio apite, akamwambia kwa upole, "Madam, usiwe mkali kwa daktari. Mimi alinitoa jino nikiwa na mimba ya huyu, na sikusikia kitu. Leo nimeleta la pili."

Nyakio akatabasamu. Na hilo tabasamu, ukitaka kujua, lilikuwa kazi ya Daktari Njuguna.

Nyakio alizaliwa karibu na Njoro, akanywa maji ya kisima cha huko, na yakamfanyia yanayowafanyia watoto wengi wa Nakuru: meno yakaota na madoa ya rangi ya majani ya chai yaliyokaa kwenye kikombe. Alikua akicheka na kiganja mdomoni. Alipopata nafasi ya kwenda kusomea udaktari wa meno, Njuguna alimwita, akamlaza kwenye kiti, akamfunika yale ya mbele moja baada ya jingine bila kuitisha chochote. "Utawaambia watu wafungue mdomo na wewe wako umeuficha?" alimwambia. Tangu siku hiyo kiganja kilishuka. Hakuna siku aliyopiga mswaki asimkumbuke mzee huyo.

Sasa ofisi ya kaunti ilikuwa imempa kazi ya kukagua kliniki za meno: vifaa vinasafishwa vipi, sindano zinatupwa wapi, dawa ya ganzi imepitwa na wakati au la. Kliniki ikifeli, inafungwa. Amri ya mkubwa wake ilikuwa moja na ilikuwa wazi: unaingia bila kutoa taarifa. Na Nyakio, alipoona jina la Njuguna, alifanya nini? Alichukua simu akampigia. "Daktari, Alhamisi niko kwako. Usishtuke ukiniona." Kwani nani anamvamia mzee wake kama askari wanaosaka pombe ya chang'aa? Hata kwa shangazi yako huendi bila kusema. Alikata simu moyo wake umetulia kabisa, akijiona mtu mwenye adabu.

Njuguna alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Alikuwa amezeeka, koti jeupe limepigwa pasi hadi mikono inasimama yenyewe. "Msichana wangu! Karibu, karibu. Tuanze na maombi." Wakaomba. Mzee alimshukuru Mungu kwa watoto wanaokumbuka walikotoka, na Nyakio akajibu amina kwa sauti. Kisha chai ikaletwa, ya maziwa mazito, na mandazi.

Halafu kazi ikaanza, na jamani, ilikuwa raha. Sakafu ilinukia sabuni. Glavu zilikuwa mpya kwenye boksi. Sindano zilizotumika zilikuwa kwenye kile chombo cha manjano, si kwenye karatasi ya sukari kama alivyowahi kuona mahali fulani pasipotajika. Dawa ya ganzi ilikuwa ndani ya friji, tarehe zake ziko sawa. Kila alipofungua droo alipata kitu kilichopangwa. Nyakio alihisi kifua kikimfunguka. Alikuwa amelala vibaya usiku uliopita akiwaza itakuwaje akikuta uchafu, na sasa alitamani kucheka kwa nguvu.

Mwisho kabisa alifika kwenye mashine ya mvuke. Hiyo ndiyo roho ya kliniki yoyote ya meno. Koleo likitoka kwenye mdomo wa mtu lina damu, na damu hiyo inaweza kuwa na homa ya ini, inaweza kuwa na ukimwi. Mashine hiyo huvibana vifaa ndani na kuvichoma kwa mvuke hadi hakuna kinachobaki hai. Ya Njuguna ilikuwa mezani inang'aa, inapumua taratibu. Nyakio aliinama kuangalia kama waya wake uko salama. Akaona, chini ya mpini wa mlango, nukta tatu nyekundu. Ya mwisho ilikuwa imepakwa vibaya kidogo, imeburutika.

Rangi ya kucha.

Mwanamke yeyote wa huku angezielewa. Kukiwa na matanga au mahari, sufuria za kijiji kizima huletwa pamoja, na usipoweka alama kwenye yako utarudi nyumbani na ya mtu mwingine, tena iliyobonyea. Kwa hivyo kila mtu ana alama yake: huyu mstari wa bluu, yule msalaba. Na nukta hizi tatu Nyakio alikuwa ameziona. Alikuwa ameziona wiki iliyopita tu, Elburgon, kwenye kliniki ya daktari anayeitwa Winrose, chini ya mpini huo huo. Alizicheka hata. "Winrose, mashine nayo unaiwekea rangi kama sufuria?" Na Winrose akacheka pia, akasema, "Wacha tu, dada. Vitu vizuri huazimwa." Wakacheka wote wawili! Mjinga wewe Nyakio, ulicheka.

Aliinuka polepole. Akaenda akafunga mlango.

"Daktari," alisema, "Winrose anaendeleaje?"

Njuguna alikuwa ameshika kikombe. "Winrose yupi?"

"Mwenye nukta hizi."

Mzee aliweka kikombe chini. Alitazama mlango, akatazama dirisha, halafu akafanya jambo ambalo Nyakio hakulitarajia: akaenda kuketi kwenye kiti cha wagonjwa, akaegemea nyuma, mikono juu ya tumbo. Nyakio akabaki amesimama juu yake.

"Yako iko wapi?"

"Iliungua. Stima ilipotea, ikarudi na nguvu, ikaunguza kila kitu ndani. Wakati wa masika. Fundi wa Nakuru aliichukua na mpaka leo ananiambia kesho."

"Masika! Daktari, sasa tuko Novemba. Umekuwa ukifanya kazi na nini?"

"Nachemsha." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwenye sufuria, kwa gesi. Nachemsha sana, Nyakio. Nasimama pale mwenyewe."

Nyakio alihisi hasira ikimpanda hadi macho yakamwasha. Hasira hiyo ilimtisha, maana hakuwahi kumkasirikia mtu huyu maishani. "Unachemsha. Mau Narok. Wewe unayeishi huku unajua vizuri maharagwe ya huku yanavyopikwa. Unayaweka jikoni asubuhi, jioni bado yanagonga sahani. Maji ya huku juu yanatokota kabla hayajapata moto wa maana. Kama hayawezi kuivisha githeri, mahindi na maharagwe tu, yataua nini kwenye koleo lenye damu?"

"Sijawahi kuona mgonjwa akirudi na shida."

"Homa ya ini hairudi kwako! Inampata mtu miaka mingi baadaye, hospitalini, tumbo limejaa maji, na hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kung'olewa jino."

Mzee alifumba macho. Kutoka nje ilisikika sauti ya mama yake Nyakio ikiwaeleza watu jinsi binti yake alivyokuwa wa kwanza darasani, jambo ambalo halikuwa la kweli hata siku moja.

"Ukifunga hapa," Njuguna alisema hatimaye, "unajua wataenda kwa nani."

Nyakio alijua. Kila siku ya soko kulikuwa na mtu nyuma ya vibanda vya viazi, ana kigoda na koleo la kung'olea misumari. Mwaka uliopita walimzika mama mmoja kwa sababu ya jino alilotolewa pale. Kliniki nyingine ya karibu ilikuwa mbali huko chini, na mtu mwenye shamba la kukodi hashuki huko kwa sababu ya jino. Anavumilia mpaka ashindwe, kisha anakwenda kwenye kigoda.

"Nipe muda," mzee alisema. "Winrose ataniachia hii mpaka nipate yangu, nitamwomba. Kuanzia leo sichemshi tena. Naapa. Hata mama yako hapo nje, leo namhudumia kwa vifaa vilivyopita kwenye mvuke. Umeona mwenyewe."

"Na wale wa tangu masika?"

Njuguna alifungua macho. "Ukiwaambia hao, umenizika. Na utakuwa umewatia hofu bure, pengine hakuna hata mmoja aliyepata kitu. Nyakio. Mimi ni mzee. Nimewatoa watu hawa maumivu maisha yangu yote."

Hapo ndipo alipopaswa kutoka akawaambie watu. Hapo hapo. Lakini ulimi wake ulikuwa unagusa yale meno ya mbele, na mbele yake alikuwa amelala mtu aliyeyafunika, shingo yake imekonda ndani ya kola iliyopigwa pasi. Alimhurumia. Alijihurumia pia, kusema ukweli, maana ni yeye aliyepiga simu, na mkubwa wake angeuliza mashine ilijuaje kwamba mkaguzi yuko njiani. Alijiambia kwamba kliniki iliyo wazi ni afadhali kuliko kigoda. Alijiambia kwamba atarudi wiki ijayo bila kusema. Alijiambia mengi, na yote yalisikika vizuri. Kisha akachukua kalamu akaandika kwamba kliniki inafaa, yapo marekebisho madogo, akatia sahihi.

"Mungu akubariki," Njuguna alisema, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

Alipotoka, mama yake aliruka kutoka kwenye benchi. "Eeh? Amepita?"

Nyakio alitazama nyuso zile zote zilizovimba na zisizovimba. "Amepita, Mami."

Wakapiga makofi! Aki ya Mungu, walipiga makofi. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia aliamka akapiga pia bila kujua ni ya nini. Chemutai alichukua viganja vya mtoto wake akavigonganisha.

"Mimi nilijua tu," mama yake alisema, akijirudisha kwenye benchi kwa ushindi. "Kwani ningekuwa na wasiwasi ningemleta Natalie?"

Nyakio alikuwa ameshafika mlangoni. Aligeuka. "Ulimleta Natalie wapi?"

"Si hapa! Likizo ya Agosti. Lile gego lililokuwa likimsumbua. Wewe ulisema utampeleka Nakuru, ukawa na kazi, ukawa na kazi tena, na mtoto analia usiku. Nikasema sitakusumbua. Na hata hakulia, yule. Alifungua mdomo kama mtu mkubwa."

Natalie alikuwa binti yake wa pekee, yuko darasa la tatu, anaishi na nyanya yake hapo Mau Narok kwa sababu chumba cha Nyakio mjini kilikuwa kidogo na kazi ilikuwa nyingi. Agosti. Masika yalikuwa yameisha zamani. Nyakio akashika ukuta. Aliona sufuria ikitokota juu ya gesi. Aliona mdomo mdogo umefunguliwa wazi.

Alirudi ndani bila kubisha.

Njuguna alikuwa bado kwenye kiti. Alipomwona uso, alijua.

"Ulimng'oa mtoto wangu jino Agosti."

"Nyakio..."

"Tumeomba pamoja. Tumekunywa chai. Hukusema."

Mzee alisimama, akanyoosha mkono, akauacha hewani. "Yeye nilikuwa mwangalifu sana. Yeye vifaa vyake nilivichemsha mara mbili."

Nyakio alimtazama. "Kwa nini mara mbili?"

Njuguna aliigeukia ile mashine ya kuazima. Alijua, basi. Tangu mwanzo alijua sufuria haitoshi, na kila siku aliwaita wagonjwa ndani kwa majina yao, akawauliza habari za mashamba, akawafunga kitambaa kifuani.

"Lakini sasa hivi tulikubaliana," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, si ya ubishi. "Wewe mwenyewe umetia sahihi. Kumebadilika nini?"

Nyakio alichukua ile karatasi mezani, akaikunja, akaikunja tena, akaipasua. Vipande vingine vikaangukia kwenye chai. Kisha akatoka.

Nyakio aliwaambia wasimame kwanza, halafu akawaambia waketi, halafu akasema yote kwa mara moja, bila kupamba: mashine iliungua, vifaa vilikuwa vikichemshwa kwa sufuria, ile mliyoisikia ikipumua leo ni ya kuazimwa kwa ajili yangu. Kliniki imefungwa. Kila aliyetolewa jino hapa tangu masika apimwe damu. Pengine hakuna kitu, alisema. Pengine kipo. Ni lazima kupimwa.

"Huyu binti yangu ni muongo," mama yake alisema, lakini alisema taratibu, kama mtu anayejaribu neno. Alikuwa akimtazama daktari, aliyekuwa ametokea mlangoni nyuma ya Nyakio. "Daktari, mwambie ni muongo."

Njuguna alitazama sakafu yake iliyonukia sabuni. Mama yake Nyakio akafungua leso iliyofunga kidevu chake, akaishika mkononi, na shavu lake lililovimba likaonekana lote. Alikuwa ametolewa meno mawili hapo tangu Mei, na ni yeye aliyemleta mjukuu wake kwa mkono wake mwenyewe.

Chemutai ndiye aliyesimama. Mtoto alikuwa amelala begani kwake. Hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga.

"Madam, nikuulize. Ulitoka hapo ndani mara ya kwanza ukasema amepita. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tukapiga makofi ukatuangalia. Halafu mama yako akamtaja mtoto wako." Alimpangusa mtoto mate kwenye shavu. "Huyu alikuwa tumboni. Kama wako asingetajwa?"

Watu wote kwenye benchi walikuwa wanamtazama Nyakio. Uongo mzuri ulimjia, tena upesi: kwamba angerudi, kwamba alikuwa anatafuta njia, kwamba kazi ya serikali ina taratibu zake. Bila kufikiri alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, kama zamani. Akakishusha.

"Ningeingia kwenye gari nikaenda," alisema.

Chemutai aliitikia kwa kichwa polepole, mara moja, kama mtu aliyepewa chenji akaona inatosha. Akamfunga mtoto mgongoni, akakaza shuka, akachukua mfuko wake.

"Gari hilo ndilo la kaunti, lililo hapo nje?"

"Ndilo."

"Basi hutaenda peke yako. Utatupeleka tukapimwe."

Akampita, akatoka kwenye ukungu. Mzee aliyekuwa akisinzia alimfuata, kisha mwanamume mwenye mabuti ya mpira, kisha wengine, wanawake wameshikana mikono. Waliingia kwenye gari la kaunti, wengine nyuma, wengine wakipakatana. Dereva alitoa kichwa dirishani akauliza kunaendelea nini, na watu wakazidi kupanda. Nyakio alipofika, kiti chake cha mbele kilikuwa kimeshakaliwa na Chemutai, anatazama barabara.

Mama yake alikuwa wa mwisho kutoka. Nyakio alitaka kumshika mkono kwenye matope, lakini mama yake aliuondoa, akapanda mwenyewe, akajibana pembeni na kumwachia nafasi ndogo.

"Tutapitia shuleni," alisema, akiwa amegeukia upande mwingine. "Na wewe ndiye utakayemwambia Natalie kwa nini anatolewa darasani."